Kabla Hujachora Bunduki, Nenda Ukamwone Anayeishika

Hii ni hotuba niliyoitoa jijini Dar es Salaam mbele ya wabunifu wa michoro na wanafunzi wa sanaa. Wengi walikosa nafasi ukumbini, wengine walikuwa kazini, wakaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani tu ndizo nilizoziacha.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wangu, wabunifu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, poleni na joto.

Nimepewa mada ambayo watu wa fani yetu huizungumza kwa sauti ya chini: kazi ya mbunifu wa michoro kwa watengeneza silaha na kwa majeshi. Basi leo tuizungumze kwa sauti ya kawaida. Nani humu ameshachora nembo ya duka la bunduki? Inueni mikono, hapa hakuna kesi. Nani ameshatengeneza fulana ya klabu ya kulenga shabaha ya huko Marekani, kazi imekuja kwa mtandao na malipo yamekuja kwa dola? Naona mikono imeongezeka. Na nani ameshachora kalenda, stika au bango la kampuni ya ulinzi ya hapa hapa mjini? Tazameni wenyewe. Nusu ya ukumbi.

Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya mbali. Kazi hizi tunazifanya. Tunazifanya usiku, peke yetu, mbele ya kompyuta, na mara nyingi bunduki yenyewe hatujawahi kuiona isipokuwa begani mwa mlinzi wa benki.

Neno langu ni moja, nalo nitalirudia mpaka mlichoke: ukipewa kazi ya kuchora silaha, mtafute kwanza mtu atakayeishika. Mwone. Mwone mahali alipo, mwone na mikono yake. Kisha ndipo uamue kama utachora, na utachora nini.

Tuanzie Hartford, Connecticut, katikati ya karne ya 19. Samuel Colt alikuwa na kiwanda cha bastola pale, na vitabu vya historia humsifu kwa mashine zake. Mimi nataka mtazame pesa alizoweka kwenye picha. Bastola yake ya mwaka 1851, iliyopewa jina la Navy, ina silinda inayozunguka yenye matundu sita ya risasi. Mwili wa silinda hiyo umezungushiwa mchoro wa vita vya baharini: merikebu za Texas, ambayo wakati ule ilikuwa nchi yake yenyewe, zinapigana na za Mexico, matanga yamejaa upepo, na tarehe ya vita, 16 Mei 1843, imechongwa pale pale kwenye chuma. Mchongaji alikuwa Waterman Ormsby wa New York, fundi wa kuchonga noti za benki. Alichonga picha yake mara moja kwenye roli ya chuma kigumu. Roli ikakandamizwa na kuviringishwa juu ya silinda, picha ikaingia. Ikaletwa silinda nyingine, na nyingine. Bastola za aina hiyo zilizotoka kiwandani Hartford zilipita laki mbili.

Kwa nini Texas? Kwa sababu wanamaji wa Texas walikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa Colt, siku ambazo wanunuzi walikuwa wachache. Mchoro ule ulikuwa shukrani, ulikuwa tangazo, na ulikuwa kinga pia, maana nakshi ya fundi wa noti si rahisi kuigizwa na mtengeneza bandia. Kazi tatu katika mchoro mmoja usiozidi upana wa vidole viwili! Kama ufundi, mimi nauvulia kofia. Na ukitazama vizuri kwenye silinda hiyo utaliona jina la Ormsby mwenyewe limechongwa. Ndugu zangu, hebu tafakarini hilo. Jina la mbunifu, juu ya bastola, mara laki mbili. Ni nani kati yetu angekubali jina lake likae pale?

Colt hakuishia hapo. Alimlipa George Catlin, mchoraji aliyejulikana kwa picha za wenyeji wa Amerika, achore safari na uwindaji ambamo silaha za Colt ziko mkononi mwa Catlin mwenyewe. Baadhi ya picha zile zikachapwa na kusambazwa. Hazielezi bei. Hazielezi namna ya kujaza risasi. Zinaonyesha mwanamume katika nchi kubwa, amejitosheleza, haogopi kitu. Mnunuzi wa Boston anayeuza vitambaa dukani kutwa nzima aliuziwa yule mwanamume. Nawaambia, matangazo mengi ya silaha mnayoombwa mtengeneze leo ni watoto na wajukuu wa picha zile. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika Newtown.

Sasa nawaleta kwa mtu ninayetaka mumkumbuke kuliko wote. Anaitwa Will Eisner. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1917, akafariki mwaka 2005. Wapenzi wa katuni wanamjua, maana tuzo kubwa za katuni Marekani zina jina lake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kwa miaka 20 sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchora kwa ajili ya jeshi.

Aliingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tayari ana jina magazetini, wakamweka upande wa matengenezo ya vyombo. Shida ya jeshi ilikuwa hii: malori yanakufa kabla ya wakati, silaha zinashika kutu, na vitabu vya mafunzo vipo tele lakini havisomwi. Havisomwi kwa sababu gani? Kwa sababu mhandisi alimwandikia mhandisi mwenzake. Kijana aliyetoka shambani, aliyeacha shule mapema, anakabidhiwa kitabu kinene chenye michoro ya vipuri vilivyotawanyika hewani, kila kipuri na namba yake, na sentensi ndefu isiyo na mtu ndani yake. Atasoma lini, na gari liko kwenye tope?

Eisner akamzua askari mmoja mzembe, Joe Dope, anayeua kila chombo anachokabidhiwa. Askari walimcheka Joe Dope, na katika kumcheka wakajifunza kupima mafuta na kukaza nati. Wakubwa wengine jeshini walipinga: katuni ni mambo ya watoto, vita si mchezo. Eisner alisimulia baadaye kwamba ubishi ule ulikatwa na majaribio yaliyofanywa na Chuo Kikuu cha Chicago. Maelezo ya kawaida yaliwekwa upande mmoja, ya katuni upande wa pili, ikapimwa askari wanaelewa yapi upesi zaidi. Katuni zikashinda.

Vita ya Korea ilipopamba moto, jeshi likamrudia. Juni 1951 likatoka toleo la kwanza la jarida dogo lililoitwa PS, jarida la kila mwezi la matengenezo, la ukubwa wa kuingia mfukoni mwa kombati. Eisner alilisimamia kisanaa mpaka mwaka 1971. Ndani kulikuwa na sajini mzee mjuzi anayejibu barua za askari, na barua zile zilikuwa za kweli: fundi wa kambi fulani anaandika kwamba boliti fulani inalegea, anaeleza alivyoirekebisha, na mwezi unaofuata jeshi zima linajua.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Mchoro wa mhandisi unakitazama chombo kutoka mahali ambapo hakuna mtu anayesimama. Kimekatwa katikati, kimeelea. Eisner alikichora kama kinavyoonekana na yule anayekishughulikia: mikono yako hii hapa, bisibisi iko mkono wa kulia, kipuri unachokitafuta kimejificha nyuma ya bomba hili, pindisha kiganja hivi. Lugha nayo akaishusha kutoka kwenye kiti cha ofisi. Pale kitabu kilipoagiza kwamba vitu vigeni viondolewe kwenye mtambo, yeye alimwambia askari atoe uchafu. Ni jambo dogo? Si dogo hata kidogo. Anayechora kwa jicho la mtumiaji lazima kwanza awe amesimama pale mtumiaji anaposimama.

Sasa sikilizeni kisa cha bunduki iitwayo M16.

Miaka ya 1960 Marekani iliwapa askari wake waliokuwa Vietnam bunduki mpya, nyepesi, ya risasi ndogo ya milimita 5.56. Yalienea maneno kwamba bunduki hii inajisafisha yenyewe. Vifaa vya kusafishia havikutosha, na mafunzo ya kuisafisha hayakutosha. Wakati huohuo aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa. Baruti mpya iliacha masizi mengi zaidi ndani na kuifanya bunduki ipige kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, haikuwa imepakwa kromu, na Vietnam ni nchi ya mvua, joto na tope.

Ikawaje? Askari anafyatua, ganda tupu linang'ang'ania ndani ya chemba. Kitoa ganda kinashindwa kulivuta. Hapo hana la kufanya ila kuchukua ufito wa kusafishia, auchomeke kwa mbele, mdomoni mwa mtutu, alisukume ganda litoke. Afanye hivyo huku anapigwa risasi. Taarifa za wakati ule zinasimulia vijana waliokutwa wamekufa kando ya bunduki walizokuwa wakihangaika kuzifungua. Barua zikaanza kufika kwa wazazi na kwa wabunge. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ikachunguza, na ripoti yake ikalilaumu jeshi vikali, hasa kwa suala la baruti.

Katika marekebisho yaliyofuata, jeshi lilimwendea Eisner. Mwaka 1968 kikatoka kijitabu cha katuni cha kurasa 32 juu ya kuitunza M16A1, toleo la M16 lililorekebishwa. Kijitabu cha rangi, cha mfukoni. Kinamfundisha kijana kuifungua bunduki kipande kwa kipande, kusugua chemba kwa brashi yake, kuondoa masizi kwenye boliti, yaani kile kipande kinachofunga chemba, kutia mafuta kwa kiasi, kukagua magazini na risasi zake, na la kufanya bunduki ikikwama. Hakuna ukurasa unaomsifu mtengenezaji. Hakuna ukurasa unaomwambia askari kwamba yeye ni simba. Kila ukurasa unauliza: mwanangu, umeisafisha?

Lipo jambo kwenye kijitabu kile ambalo silikubali, nami nalisema kwa sababu mimi ni mwanamke na ninawafundisha mabinti wanaoingia fani hii. Bunduki imechorwa na kusemwa kama msichana, na somo la kuifungua limevishwa mzaha wa kumvua msichana nguo. Jarida la PS lenyewe lilikuwa na mhusika wa kike aliyechorwa kwa namna ya kuwavuta macho vijana. Watasema ndiyo njia iliyowafanya wasome. Mimi nasema fundi wa kiwango cha Eisner alikuwa na njia nyingine nyingi. Tuchukue ufundi wake, hilo tuliache.

Na je, kijitabu ndicho kilichoiponya M16? Hapana! Chemba ilipakwa kromu. Kipunguza mwendo ndani ya kitako kilibadilishwa. Vifaa vya kusafishia vilisambazwa. Mchoro ulikwenda pamoja na marekebisho ya chuma, na kwa sababu hiyo ulikuwa mchoro wa kweli. Ungekwenda peke yake ungekuwa uongo. Wabunifu wenzangu, siku moja mteja atawaita mchore bango la kuwaonya watumiaji wawe waangalifu, na nyinyi mtagundua kwamba kosa liko kwenye bidhaa. Siku hiyo mtakuwa mnaombwa mbandike karatasi juu ya ufa. Mtajuaje? Hamtajua mkiwa ofisini. Mtajua mkienda kuongea na anayeishika.

Eisner alikwenda. Alikwenda Korea, alikwenda Vietnam, kwenye karakana na kwenye kambi, akaongea na mafundi wenye mikono ya grisi. Ziara zile zilimfundisha zaidi ya vipuri. Mwaka 2000, akiwa mzee wa miaka 83, alichapisha kitabu kifupi cha katuni kutokana na kumbukumbu zile. Kimo kisa cha meja aliyepewa kazi ya kumtembeza mgeni kwa helikopta. Ni siku ya mwisho ya meja huyo Vietnam. Anacheka, anaeleza kila kitu, anamwonyesha mgeni nchi iliyo chini yao. Kisha kambi walikotua inashambuliwa, na meja yule yule anavunjika kwa hofu: atakufa leo, siku ya mwisho, siku anayorudi nyumbani? Mgeni mwenyewe haonekani katika kisa kizima. Meja anazungumza akitutazama sisi usoni, kana kwamba sisi ndio tuliokwenda kutembezwa. Zaidi ya miaka 30 Eisner alikuwa amebeba uso ule. Ukishamwona mtu namna hiyo, utachoraje tena bango linalosema vita ni ushujaa mtupu?

Mtaniuliza: sisi tutakwenda kambi gani? Kambi za jeshi haziingiliki kwa kupenda, na kupiga picha au kuchora ndani yake bila kibali ni kosa. Kweli kabisa. Lakini bunduki haziko jeshini peke yake.

Kampuni moja ya ulinzi ilinipa kazi ya bango la usalama kwa ajili ya ghala lao la silaha. Jina lake silitaji. Niliomba kwanza niruhusiwe kukaa pale wakati wa kukabidhiana zamu. Nikaingia, nikamsalimia mzee aliyekuwa anasimamia ghala, mstaafu wa jeshi. Ukutani kulikuwa na bango la zamani, limechapwa vizuri, karatasi ya gharama, na juu yake wamebandika ratiba ya zamu. Nikaifunua ratiba. Chini yake kulikuwa na bunduki ya kivita ya Kimarekani yenye darubini, picha iliyochukuliwa mtandaoni, na maneno ya Kiingereza.

Nikamuuliza, "Baba, mbona mmelifunika?"

Akanijibu, "Mwanangu, hiyo bunduki ya kwenye bango sijawahi kuishika. Hii ninayoishika haimo."

Walinzi wake walikuwa na shotgun za pampu. Zote. Aliyetengeneza lile bango hakufika pale, maana angefika hata kwa robo saa angeziona zimepangwa ukutani.

Nikakaa. Zamu hubadilishana magharibi. Wa mchana wanakuja wana haraka ya daladala, wa usiku wanasubiri dirishani. Bunduki zinapitishwa dirishani, na nyingine zinapita mtutu ukimwelekea anayepokea. Nje kuna pipa la mchanga la kuelekezea mtutu wakati wa kutoa risasi. Mlinzi anavuta pampu, risasi zinatoka, anazihesabu, kisha anaingiza kidole chemba kuhakikisha hakuna iliyobaki. Wengine walifanya, wengine hawakufanya. Nikamtazama kijana mmoja kwa karibu: aliinamisha kichwa, akachungulia, akaacha. Nikasogea nikachungulia na mimi. Sikuona kitu! Jua lilikuwa limezama na pale kwenye pipa hapakuwa na taa.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilowaomba wenye kampuni lilikuwa taa. Taa, kabla ya rangi yoyote. La pili, bango likatoka ofisini likaenda nje juu ya pipa, usawa wa macho. Nikachora mikono tu, mikubwa, shotgun ile ile, kwa jicho la anayeishika: mtutu umeingia kwenye mchanga, pampu imevutwa nyuma, kidole kiko ndani ya chemba. Maneno ya Kiswahili, machache, ambayo mzee yule ndiye aliyenipa, kwa sababu ndiyo anayowaambia vijana wake kila jioni. Hakuna nembo kubwa ya kampuni. Walitaka nembo kubwa. Tukabishana, nikawapeleka magharibi wakasimame wenyewe pale penye pipa, wakakubali iwe ndogo.

Nasema tena: nenda ukamwone anayeishika.

Na sasa Newtown. Ni mji wa Connecticut, jimbo lile lile la Colt. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana wa miaka 20 aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na bunduki aina ya Bushmaster iliyokuwa mali ya mama yake, akaua watoto 20 na watu wazima sita. Watoto wa darasa la kwanza. Samahanini, hapa mimi hushindwa kusoma haraka.

Miaka iliyotangulia, bunduki za jina hilo zilikuwa na tangazo: picha ya bunduki, na maneno yanayomwambia mwanamume ahesabu kwamba kadi yake ya uanaume imetolewa upya. Familia za baadhi ya waliouawa zikaenda mahakamani dhidi ya kampuni ya Remington, iliyokuwa ikimiliki Bushmaster wakati ule. Marekani ina sheria ya mwaka 2005 inayowakinga watengeneza silaha na kesi nyingi za namna hii. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Connecticut ikaruhusu sehemu moja ya kesi iendelee. Mnajua ni sehemu gani? Matangazo. Chuma hakikushitakiwa, baruti haikushitakiwa. Kazi yetu sisi ndiyo iliyopelekwa mbele ya majaji. Februari 2022 shauri likaisha kwa makubaliano ya dola milioni 73 kwa familia tisa. Kwa kuwa yalikuwa makubaliano, hakuna hukumu iliyotamka kwamba tangazo ndilo lililosababisha mauaji, nami siwezi kusema zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba mtu wa fani yetu alikaa mahali, akachagua herufi, akapanga picha ya bunduki na maneno yale, akasogeza mstari huu juu kidogo, ule chini kidogo, akatuma faili. Alikuwa anamchorea nani? Katika mawazo yake kulikuwa na mwanamume gani?

Mnaopokea kazi za mtandaoni, nawaomba mlisikie hili kwa masikio mawili. Fulana ya klabu ya walenga shabaha inayofundisha watu kufunga silaha kabatini si sawa na stika inayomwambia kijana mpweke kwamba bunduki ndiyo itakayomfanya mwanamume. Mteja anaweza kuwa mmoja, dola zikawa zile zile, lakini kazi hizo hazifanani. Ya kwanza mimi naifanya. Ya pili siifanyi, hata kodi ya nyumba ikiwa imefika. Na mkisema dada, wewe una wateja wengine, sisi hatuna, nawajibu kwamba nafahamu, nilikuwa na umri wenu na njaa yenu. Bado nawaomba.

Wapo waliokwenda njia nyingine kabisa, nao ni jirani zetu. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakapata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Bendera ya Msumbiji ya mwaka 1983 ina AK-47 imekingamana na jembe juu ya kitabu. Aliyeiweka pale aliijua mikono iliyoishika. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, bunduki zikajaa vijijini, na mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la Msumbiji wakaanzisha mpango wa kubadilishana: lete silaha, uchukue jembe, cherehani, baiskeli. Silaha zikakatwakatwa, vipande wakapewa wasanii. Msanii anayeitwa Kester akatengeneza kiti cha enzi mwaka 2001, chote kwa vipande vya bunduki. Leo kipo Makumbusho ya Uingereza, London. Mgongo wa kiti una vitako viwili vya bunduki, na matundu ya skrubu na ya mkanda yamekaa kama macho na mdomo unaotabasamu. Kester alieleza kwamba hakuzichonga nyuso zile, alizikuta. Mbunifu anayetazama kitu kwa karibu namna hiyo, akaona uso, huyo ana jicho ninalotaka mlipate.

Mwisho ni shughuli, tena mtoe kalamu. Yule mzee wa ghala amekubali kupokea wabunifu wachache kwa zamu, kibali cha kampuni kipo kwa maandishi, na kila atakayekwenda ataandika jina lake getini. Vijana wapo watakaosimama muda ule ule wa magharibi kwenye pipa la mchanga. Njooni na daftari, penseli na viatu vya kufunika. Simu zinaachwa getini. Hakuna kugusa silaha, na mkiambiwa sogeeni, mnasogea papo hapo. Mtachora mikono tu. Sitaki nyuso, sitaki nembo. Orodha iko mezani pale mlangoni kwa dada aliyevaa kitenge cha bluu, na nafasi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimezitenga, kwa hiyo wakubwa msizijaze.

Ahsanteni sana. Sasa maswali, na tuanze na nyinyi wa nyuma.